Vipindi vya Historia ya Uingereza Vinavyopendwa na Wasomaji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yaliyomo humu yametokana na maswali ambayo wasomaji wa historia huyarudia tena na tena. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, msomaji anaelekezwa kwenye namba ya swali husika.

## Misingi

1. "Uingereza" inayozungumziwa hapa ni nchi ipi hasa?

Kiswahili kinatumia neno moja kwa mambo mawili: nchi ya Waingereza wenyewe, na dola ya muungano inayowajumuisha pia watu wa Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini. Humu neno hilo lina maana ya kwanza. Nchi hiyo ilianza kuwa ufalme mmoja mwaka 927 chini ya Mfalme Æthelstan, ikaimeza Wales kisheria kati ya 1536 na 1543, ikawa na mfalme mmoja na Uskoti kuanzia 1603, na mwaka 1707 nchi hizo mbili zikaungana kuwa dola moja. Anayesoma mambo yaliyotokea baada ya 1707 anasoma historia ya muungano, na ni vizuri alikumbuke hilo, kwa sababu Waskoti hawapendi kuitwa Waingereza na wana haki ya kutopenda.

2. Vipindi vikuu ni vipi, na vinafuatana vipi?

Baada ya Warumi kuondoka mwanzoni mwa karne ya 5, walikuja Waanglo-Saksoni, na kuanzia mwaka 793 Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia, waliokishambulia kisiwa cha watawa cha Lindisfarne. Mwaka 1066 Wanormani, watu wa Normandi kaskazini mwa Ufaransa, walivuka bahari na kuiteka nchi, na zama za kati zikaendelea hadi 1485, ulipoingia ukoo wa Tudor. Watudor walitawala hadi 1603, wakafuatwa na ukoo wa Stuart, ambao utawala wao ulikatizwa kati ya 1649 na 1660, Uingereza ilipokaa bila mfalme. Kuanzia 1714 ni wafalme waliotoka Hanover, Ujerumani, na Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901.

Migawanyo hii iliwekwa na wanahistoria kwa kufuata koo za wafalme. Mkulima wa mwaka 1485 hakuamka asubuhi moja akajiona yuko katika zama mpya.

3. Sijawahi kusoma chochote kuhusu historia hii. Nianzie wapi?

Usianze na kitabu kinachoeleza miaka elfu moja na mia tano kwa mkupuo, kwani ukifika katikati majina yatakuwa yamekuchanganya na hamu itakuwa imeisha. Chagua mwaka mmoja, uusome mpaka uwajue watu wake kama majirani, kisha rudi nyuma kidogo kutafuta chanzo na usogee mbele kidogo kutazama matokeo.

Ushauri wangu ni mwaka 1381. Uasi wa wakulima wa mwaka huo ulipamba moto ndani ya wiki chache, una mwanzo na mwisho unaoonekana wazi, na chanzo chake cha karibu hakihitaji maelezo marefu kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa kuwa kilikuwa kodi ya kichwa. Tazama swali la 6.

4. Je, ni lazima kukariri orodha ya wafalme?

Hapana. Inatosha kuwa na orodha pembeni ya kutazama unapopotea. Tatizo halisi ni majina yanayojirudia, kwa maana kuna akina Henry wanane na akina Edward wengi kuliko hao. Kwa hiyo andika namba ya mfalme kila unapoandika jina lake, nawe utaepuka nusu ya makosa ya wasomaji wanaoanza.

## Vipindi vinavyotajwa zaidi

5. Kwa nini kila mtu huzungumzia mwaka 1066?

Kwa sababu katika mwaka huo mmoja nchi ilitawaliwa na wafalme watatu, na wa mwisho wao alibadilisha lugha ya watawala, umiliki wa ardhi na uso wa miji. Mfalme Edward alifariki tarehe 5 Januari. Harold, kabaila mkubwa wa nchi, akatawazwa kesho yake. Mwezi Septemba mfalme wa Norwe alitua kaskazini, na Harold akapeleka jeshi lake mbio kutoka London hadi karibu na York, akamshinda tarehe 25 katika vita vya Stamford Bridge. Siku tatu baadaye William wa Normandi alitua Pevensey, pwani ya kusini. Harold akageuza watu wale wale waliochoka na kurudi kusini, na tarehe 14 Oktoba akauawa karibu na Hastings. William alitawazwa siku ya Krismasi.

Wasomaji wengi huishia kwenye vita, lakini kilichofuata ndicho chenye uzito. Katika majira ya baridi ya 1069 hadi 1070 William aliiadhibu nchi ya kaskazini kwa kuchoma mazao na kuua mifugo, na watu wakafa kwa njaa. Mwishoni mwa 1085 aliamuru kila shamba, kinu na ng'ombe wa kulimia aandikwe, na matokeo yake ni daftari la mwaka 1086 liitwalo Domesday, lenye zaidi ya vijiji na miji 13,000. Ni hati ya mshindi anayehesabu alichoteka, lakini kwa vijiji vingi hapo ndipo jina lake linapoonekana katika maandishi kwa mara ya kwanza.

6. Uasi wa wakulima wa 1381 ulikuwa nini, na kwa nini unasifiwa sana kama pa kuanzia?

Tauni iliyoingia Uingereza mwaka 1348 iliua kati ya theluthi na nusu ya watu wote. Waliobaki walijikuta ni wachache, na kwa mara ya kwanza mfanyakazi aliweza kudai ujira wa juu au kwenda kwa bwana mwingine. Makabaila walijibu kwa sheria ya mwaka 1351 iliyoamuru ujira urudi ulivyokuwa kabla ya tauni. Watwana waliendelea kufungwa kwenye ardhi ya mabwana zao, nazo fedha za vita na Ufaransa zikaendelea kukamuliwa. Kodi ya kichwa ilitozwa mwaka 1377, ikarudiwa 1379, na mara ya tatu kiwango kikawa peni 12 kwa kila mtu aliyezidi umri wa miaka 15, kiasi ambacho kibarua alikipata kwa kazi ya siku kadhaa.

Mwishoni mwa Mei 1381 wanakijiji wa Essex waliwafukuza maofisa waliokuja kuchunguza wakwepaji wa kodi. Moto ukaenea hadi Kent, na tarehe 13 Juni waasi waliingia London wakiongozwa na Wat Tyler, wakachoma jumba la Savoy la ami yake mfalme. Mfalme Richard II alikuwa na miaka 14. Tarehe 14 alikutana nao Mile End, akaahidi kufuta utwana, na makarani wakaketi kuandika hati za uhuru. Siku hiyo hiyo waasi wengine waliingia ngome ya London wakamkata kichwa Askofu Mkuu Simon Sudbury, aliyekuwa pia waziri mkuu wa mfalme. Tarehe 15, uwanjani Smithfield, Tyler alijeruhiwa na meya wa jiji katikati ya mazungumzo, akauawa. Kijana yule akasogeza farasi wake mbele ya umati na kuwaambia kuwa yeye ndiye kiongozi wao sasa, wakamfuata. Wiki chache baadaye hati zote za uhuru zilibatilishwa, na viongozi wakanyongwa.

Sababu inayonifanya niupende mwaka huu kuliko karibu mingine yote ya zama za kati ni kwamba watu wasiojua kusoma wanasikika ndani yake. Padri John Ball aliwauliza waasi: Adamu alipolima na Hawa aliposokota uzi, kabaila alikuwa nani? Maneno hayo tumeyapata kwa kalamu ya waliomchukia, maana walioandika kumbukumbu za uasi walikuwa upande wa watawala. Waasi nao walijua nguvu ya karatasi: katika miji na vijiji vingi walitafuta kwanza madaftari ya mabwana yaliyoandika nani ni mtwana wa nani, wakayachoma. Msomaji ambaye babu yake alidaiwa stakabadhi ya kodi ya kichwa na serikali ya kikoloni ya Waingereza hao hao hatahitaji kufasiriwa kwa nini moto ulianzia hapo.

7. Mbona Watudor wanapendwa kuliko wengine wote?

Hadithi ya Henry VIII na wake zake sita inajisimulia yenyewe. Alitaka mrithi wa kiume, Papa akamkatalia talaka, na mwaka 1534 Bunge likamtangaza kuwa mkuu wa kanisa la Uingereza. Anne Boleyn, aliyesababisha mfarakano huo, alikatwa kichwa mwezi Mei 1536. Watoto watatu wa Henry walitawala mmoja baada ya mwingine na kila mmoja akabadilisha dini ya nchi: Edward VI akasukuma Uprotestanti, Mary I akarudisha Ukatoliki na kuwachoma moto Waprotestanti karibu 300, na Elizabeth I, aliyetawala miaka 44, akarejesha Uprotestanti kwa tahadhari.

Ninachowasihi wasomaji wa kipindi hiki ni watoke ikulu. Katika kijiji kidogo cha Morebath, Devon, chenye familia 33, padri Christopher Trychay aliandika hesabu za parokia kuanzia 1520 hadi 1574. Humo tunamwona akidunduliza peni kwa peni, kwa takriban miaka ishirini, ili kununua mavazi meusi ya misa ya wafu. Aliyapata mwaka 1547, mwaka ule ule alipoingia Edward VI, na haukupita muda misa yenyewe ikapigwa marufuku. Mwaka 1549 kijiji hicho kiliwagharimia vijana watano kwenda kujiunga na uasi dhidi ya kitabu kipya cha sala. Kurasa chache za hesabu hizo zilinifundisha Matengenezo ya Kanisa yalimaanisha nini kwa mtu wa kawaida kuliko maelezo yote niliyosoma kuhusu talaka ya mfalme.

8. Kama ungelazimika kuchagua kipindi kimoja tu, ungechagua kipi?

Miaka ya 1640 hadi 1660, bila kusita. Mfalme Charles I alitawala miaka 11 bila kuliitisha Bunge, na alipolazimika kuliitisha kwa kukosa fedha, mgogoro ukageuka kuwa vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1642. Jeshi jipya la Bunge lilimshinda mfalme katika vita vya Naseby mwezi Juni 1645. Kilichofuata hakijawahi kutokea tena katika nchi hiyo: mfalme alishtakiwa hadharani kwa kuwapiga vita watu wake, watu 59 wakatia saini hati ya kifo chake, na tarehe 30 Januari 1649 akakatwa kichwa mbele ya jumba la Whitehall. Asubuhi hiyo ya baridi kali aliomba mashati mawili, asije akatetemeka na watu wakadhani anaogopa. Mtu anaweza kuwa mpinzani wa kila alichokitetea Charles na bado akasimama kwenye sentensi hiyo.

Lakini kinachonirudisha kwenye kipindi hiki ni kanisa la Mtakatifu Maria, Putney, karibu na London, mwishoni mwa Oktoba 1647. Huko maofisa wa jeshi la Bunge na wawakilishi wa askari wa kawaida walikaa chini kujadili nani awe na haki ya kupiga kura. Kanali Thomas Rainsborough alisema kwamba mtu maskini kuliko wote nchini Uingereza ana maisha ya kuishi sawa na mkubwa kuliko wote, na kwamba hakuna anayepaswa kuwa chini ya serikali ambayo hakuipa ridhaa yake. Henry Ireton, mkwe wa Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi hilo, akamjibu kwamba kura ni ya mwenye mali ya kudumu katika nchi, kwani asiye na mali atapiga kura kugawana za wenzake. Katibu William Clarke alikuwa akiyanakili kwa hatimkato. Karatasi zake zilikaa katika maktaba ya chuo kimoja huko Oxford, na hazikuchapishwa mpaka 1891. Kwa zaidi ya miaka mia mbili sauti zile zilikuwa kimya. Anayezisoma leo anawasikia wakikatizana, wakikasirika na kuombana radhi.

Hoja ya Rainsborough ilishindwa wakati huo. Haki ya kura kwa takriban wanaume wote wazima ilipatikana mwaka 1918, na wanawake wakapewa haki sawa na wanaume 1928. Na asomaye habari za Cromwell asiishie London: mauaji ya Drogheda, mji wa Ireland, mwezi Septemba 1649, ndiyo yaliyowafanya Waayalandi walikumbuke jina lake kwa uchungu hadi leo.

9. Kuna kipindi ambacho maisha ya kila siku yanaonekana kwa karibu?

Ndiyo: miaka ya 1660, kwa sababu ya shajara ya Samuel Pepys, ofisa wa jeshi la majini aliyeandika, naye pia kwa hatimkato, kuanzia Januari 1660 hadi Mei 1669. Ameandika tauni ya 1665, na moto mkubwa wa Septemba 1666 ulioanzia kwa mwoka mikate wa mtaa wa Pudding Lane na kuteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Moto ulipokaribia, Pepys alichimba shimo bustanini akafukia mvinyo na jibini lake la Parma. Ndani ya shajara hiyo hiyo kuna mengine yasiyopendeza, hasa jinsi alivyowatendea wanawake waliomfanyia kazi, na msomaji asiyaruke. Kuhusu biashara iliyokuwa ikistawi katika miaka hiyo hiyo, tazama swali la 12.

10. Na enzi ya Victoria?

Ni kipindi chenye maandishi mengi kuliko vyote vilivyotangulia, cha reli, viwanda na magonjwa ya mijini. Sehemu nzuri ya kuanzia ni kipindupindu cha mwaka 1854 mtaa wa Broad Street, London, ambapo daktari John Snow alionyesha kwamba ugonjwa ulitoka kwenye pampu moja ya maji. Kwa msomaji wa pwani yetu, enzi hii haiwezi kusomwa kama habari za ng'ambo tu. Tazama swali la 13.

## Sisi na historia hii

11. Je, kulikuwa na Waafrika Uingereza kabla ya biashara kubwa ya utumwa?

Walikuwepo, na baadhi yao wana majina na mishahara katika hati. John Blanke alikuwa mpiga tarumbeta katika ikulu ya Henry VII na Henry VIII. Alilipwa peni 8 kwa siku, na kuna barua yake akiomba aongezwe mshahara uwe sawa na wa wenzake. Picha yake, akiwa juu ya farasi na kilemba kichwani, imo katika mchoro mrefu wa mashindano ya kifalme ya mwaka 1511. Mwingine ni Jacques Francis, mzamiaji kutoka pwani ya Guinea, aliyeajiriwa kuokoa mali kutoka meli ya Mary Rose iliyozama 1545, na ambaye mwaka 1548 alitoa ushahidi mahakamani ingawa wapinzani walidai kwamba mtumwa hafai kusikilizwa.

12. Utumwa unaingia katika kipindi gani?

Waingereza wachache walifanya safari za kukamata na kuuza watu tangu enzi ya Elizabeth I, lakini biashara yenyewe ilipata mgongo wa serikali baada ya ufalme kurejeshwa mwaka 1660. Kampuni ya kifalme ya biashara ya Afrika, iliyopewa hati mpya 1672, iliongozwa na ndugu wa mfalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la James II. Kwa hiyo London aliyoiandika Pepys si jiji la maigizo na mavazi tu.

Biashara hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1807, na sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni ikapitishwa 1833. Serikali ilitenga pauni milioni 20 za fidia, zote kwa waliokuwa wakimiliki watu. Waliomilikiwa hawakupewa chochote. Anayetaka kuwasikia wenyewe atafute simulizi ya Olaudah Equiano ya 1789 na ya Mary Prince, mzaliwa wa Bermuda, ya 1831.

13. Historia yetu ya Afrika Mashariki inakutana wapi na historia hii?

Kwa upande wa siasa, mwaka 1873 Sayyid Barghash alitia saini, chini ya tishio la manowari, mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar, na Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini likajengwa mahali pale pale. Mwaka 1890 Zanzibar iliwekwa chini ya himaya ya Waingereza, na tarehe 27 Agosti 1896 manowari zao zililibomoa jumba la Sultani kwa mizinga katika vita vilivyokwisha ndani ya saa moja. Ukisoma ripoti za kibalozi za miaka hiyo, utaona kwamba waandishi wake walikulia katika nchi ile ile ya swali la 10, na walikuja na mawazo yao ya reli, biashara na dini.

## Maswali magumu kidogo

14. Kwa nini vitabu viwili vinatoa miaka tofauti kwa tukio moja?

Hadi mwaka 1752, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hesabu hiyo Charles I aliuawa Januari 1648, na ndivyo hati za wakati ule zinavyosema. Sisi tunaandika 1649. Mwaka 1752 nchi ilihamia kalenda mpya, na Jumatano ya tarehe 2 Septemba ikafuatwa na Alhamisi ya tarehe 14. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea kuihesabu saa moja ya asubuhi ambayo wengine huiita ya saba, hatashangazwa na nyakati mbili zinazokwenda sambamba.

15. Shilingi na peni zao zilikuwa na thamani gani?

Pauni ilikuwa na shilingi 20, na shilingi ilikuwa na peni 12, kwa hiyo pauni moja ni peni 240. Mfumo huo ulidumu hadi 1971. Neno shilingi tulilipata kwao, na sarafu ya Afrika Mashariki ya jina hilo ilianza 1921. Kubadilisha fedha za kale kuwa za leo hupotosha. Ni afadhali kulinganisha na ujira wa siku, kama ilivyofanywa katika swali la 6.

16. Kiingereza cha kale kinanishinda. Nifanye nini?

Hata Mwingereza wa leo hasomi Kiingereza cha kabla ya 1066 bila kujifunza. Baada ya hapo, kwa muda mrefu, hati ziliandikwa kwa Kilatini na Kifaransa. Tumia matoleo yaliyofasiriwa bila kuona haya. Kuanzia karne ya 16 unaweza kujaribu maandishi ya asili: yasome kwa sauti, kwa kuwa tahajia inachanganya macho kuliko inavyochanganya masikio.

17. Arthur na Robin Hood waliishi kweli?

Hakuna ushahidi wa wakati wao unaomthibitisha yeyote kati ya hao wawili. Hata kisa cha Mfalme Alfred kuunguza mikate kiliandikwa muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 899. Hadithi hizo zinatueleza mengi kuhusu waliozisimulia, na zinastahili kusomwa kwa nia hiyo.

18. Je, Richard III aliwaua watoto wa kaka yake?

Edward V, mwenye miaka 12, na mdogo wake wa miaka 9 waliwekwa katika ngome ya London mwaka 1483. Ami yao Richard akatwaa ufalme, na baada ya majira ya joto ya mwaka huo hawakuonekana tena. Nionavyo mimi, aliyekuwa na funguo za ngome na faida ya kifo chao ndiye wa kwanza kuulizwa, lakini hakuna hati inayomtaja muuaji kwa uhakika, na ukoo wa Tudor uliompindua mwaka 1485 ulikuwa na kila sababu ya kumpaka matope.

Mifupa ya Richard mwenyewe ilipatikana 2012 chini ya maegesho ya magari mjini Leicester, ikatambuliwa kwa vinasaba, na ikazikwa upya 2015. Mifupa ya watoto wawili iliyofukuliwa ngomeni mwaka 1674, inayodhaniwa kuwa ya ndugu hao, imo katika sanduku la marumaru ndani ya Westminster Abbey. Sanduku hilo lilifunguliwa kwa uchunguzi mwaka 1933, kabla ya kipimo cha vinasaba kuwepo, kisha likafungwa.